Nani Anahesabu Matone?

Waandishi wenzangu, leo nina ugomvi na chupa. Naisema ile chupa ya maji inayoning'inia juu ya kitanda katika kila hadithi ya hospitali tunayoandika sisi vijana. Ukurasa wa tatu shujaa kapigwa nondo na majambazi. Ukurasa wa nne yuko wodini "akiwa ametundikiwa dripu", mchumba analia pembeni, matone yanadondoka moja moja kama saa ya ukutani. Ukurasa wa tano anafumbua macho na kuuliza, "Niko wapi?" Mwisho. Msomaji anapiga makofi, mwandishi anapeleka hadithi yake kwa mhariri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: yale yalikuwa maji gani? Yaliingia kiasi gani? Yalitoka kiasi gani? Nani alikuwa anahesabu?

Filamu zetu ndizo zimezidi. Mgonjwa wa presha, dripu. Mgonjwa wa mapenzi, dripu. Aliyezimia kwa sababu kaambiwa mume ana mke mwingine Babati, naye dripu, tena bomba limebandikwa juu ya ngozi kwa plasta, sindano haikuingia popote. Tunacheka. Ingekuwa mzaha tu kama mambo yangeishia kwenye skrini, lakini hayaishii pale.

Hebu njoo huku kwetu. Kuanzia Daa hadi Karatu mjini, na ukipandisha hadi Ngorongoro, mgonjwa akirudi nyumbani majirani humpima kwa chupa. "Aliongezewa maji?" "Ndiyo, chupa tatu." "Loo! Basi alizidiwa." Chupa imekuwa kipimo cha ugonjwa, kipimo cha upendo wa ndugu, na kipimo cha ujuzi wa daktari. Tabibu aliyempima mtoto vizuri, akaona anakunywa, akampa pakiti mbili za chumvichumvi na maelezo ya kutosha, anaondoka na jina baya: "Yule hajui kazi, katupa unga wa kukoroga." Mwenzake wa zahanati ya uchochoroni, aliyetundika chupa bila hata kumgusa mgonjwa tumbo, anasifiwa mpaka mnadani. Na huyo wa uchochoroni si mjinga. Anajua anachouza.

Hebu tuifungue hiyo chupa tuone kilichomo. Ile ya chumvi, ya nusu lita, ina gramu 4.5 za chumvi ya kawaida. Basi. Nyingine yote ni maji safi. Ile ya sukari, dekstrozi ya asilimia 5, nusu lita ina gramu 25 za sukari. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 ina sukari zaidi ya hiyo, na unainywa kibarazani bila kutobolewa mshipa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema alikuwa hana nguvu akaenda "kuongezewa maji" akapata nguvu, ujue kanunua soda kwa bei ya hospitali. Siku hizi mijini wamekwenda mbali zaidi: dripu ya vitamini, dripu ya kung'arisha ngozi, dripu ya kuondoa uchovu wa pombe. Vijana wenye simu nzuri wanapiga picha mkono ukiwa na kanula kama vile ni bangili. Tundu linalofunguliwa kwenye mshipa ni mlango; vijidudu havisomi bango la nje kujua kama hapa ni saluni au hospitali.

Msinielewe vibaya. Sisemi maji ya mshipani hayana kazi. Mwaka 1832 daktari wa Uskochi aitwaye Thomas Latta aliwapa maji ya chumvi mshipani wagonjwa wa kipindupindu waliokuwa wamekauka kama magome, na baadhi yao wakainuka mbele ya macho yake. Jambo lile ni kubwa. Ninachosema ni kwamba maji ni dawa, na dawa ina dozi. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema "mpe kwinini, mpe tu, yoyote ile, mpaka iishe." Lakini kwa maji tunasema hivyo hivyo kila siku.

Ushahidi wa jambo hili umetoka kwetu wenyewe. Wazungu hawakutuletea kwenye begi. Na inaniuma kwamba vijana wengi waliosoma, wanaojua mabao ya kila mchezaji wa Ulaya, hawajawahi kuusikia.

Uliitwa FEAST. Ulifanyika katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, pale Muheza, mkoa wa Tanga, nchini Tanzania. Swali lilikuwa rahisi. Mtoto analetwa ana homa kali, malaria au maambukizi mengine makubwa, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri. Vitabu vya nchi tajiri vilisema: mmiminie maji haraka. Tena waliokuwa na wasiwasi juu ya utafiti huo walikuwa wanawahurumia wale watoto ambao hawangemiminiwa. Ilionekana kama kumnyima mtu haki yake. Basi watoto wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilipewa haraka maji yenye albumini, la pili likapewa haraka maji ya chumvi, la tatu likapata matibabu mengine yote pamoja na maji ya polepole ya kawaida, bila ile mimina-mimina. Kwa mtoto wa kilo 10, kumiminiwa kulianza na mililita 200 katika saa moja. Hizo ni pungufu ya chupa ya soda, nasisitiza.

Walipanga kuwaandikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa inaangalia usalama ikasema simamisheni. Walikuwa wamefika 3,141. Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo 2011. Ndani ya saa 48, katika kundi la albumini walikufa watoto 111 kati ya 1,050, yaani asilimia 10.6. Katika kundi la maji ya chumvi walikufa 110 kati ya 1,047, asilimia 10.5. Katika kundi lile la kuhurumiwa, lililonyimwa "haki" yake, walikufa 76 kati ya 1,044. Asilimia 7.3.

Rudia kusoma. Kwa kila watoto 100 waliomiminiwa maji haraka, zaidi ya 3 walikufa ambao huenda wasingekufa. Na hii ni katika mikono ya watafiti, wenye mafunzo, wenye saa ya kuangalia, wenye karatasi za kujaza. Sasa fikiria uchochoroni.

Wengi, nikiwemo mimi nilipoanza kusoma habari hizi, hudhani kwamba watoto wale walizama, yaani maji yalijaa mapafuni. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kitu kingine: vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kuanguka. Mwili uliokuwa umebana mishipa yake ili kujihami ulilazimishwa kulegeza ngome. Nakiri kwamba wataalamu bado wanabishana kuhusu namna hasa inavyotokea. Hawabishani kuhusu idadi ya waliokufa.

Je, dunia ilibadilika kesho yake? Wapi! Toleo la pili la kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani kuhusu matibabu ya watoto hospitalini lilitoka mwaka 2013, na bado lilikuwa na maelekezo ya kummiminia haraka mtoto mwenye dalili zote za mshtuko wa mzunguko wa damu. Mwongozo uliopunguza kasi, kwamba hata huyo apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo katika dakika 30 hadi 60 huku akiangaliwa, ulikuja 2016. Miaka mitano! Kama watoto wale wangekuwa wa London, mngeona. Haya, huo ni uchungu wangu, nauacha hapo. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa Lusaka, safari hii kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka. Waliofuata mpango wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33.0. Bara hili limesema mara mbili, kwa sauti.

Sasa atainuka msomaji mmoja aseme: kumbe basi maji ni sumu, tusitundikiwe tena. Kaa chini, ndugu. Twende Goma.

Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka kuingia Zaire ya wakati ule. Kipindupindu kikawakuta juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kaburi halichimbiki, kikafuatiwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Misaada ilikuwepo, ndege zilikuwa zinatua, kamera zilikuwa zinazunguka. Mwaka 1995 wataalamu wa Bangladesh, watu wanaokijua kipindupindu kama sisi tunavyoijua malaria, walichapisha maelezo ya kwa nini vituo vya matibabu pale vilishindwa kuwaokoa watu. Baadhi ya sababu: maji yalirudishwa mwilini polepole mno, maji ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, maji ya mshipani mengine hayakuwa ya aina inayofaa, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaushwa kabisa na kipindupindu anahitaji lita 6 katika saa 3. Lita 6! Ni chupa 12 za nusu lita, na karibu 4 kati yake ziingie katika nusu saa ya kwanza. Huyo ukimpa matone ya kuhesabu kwa vidole, unamuua kwa ubahili, kama vile yule mtoto wa malaria unavyomuua kwa ukarimu. Ndiyo maana watafiti wa FEAST hawakuwaingiza kabisa watoto wa kuharisha. Ni ugonjwa mwingine, ni hesabu nyingine.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hahitaji kuelezwa haya. Anajua kwamba mfereji ukifunguliwa wote kwa mara moja miche inang'oka na udongo unakwenda zake Ziwa Eyasi, na ukifunguliwa kidogo mno kitunguu kinakuwa kama kitunguu saumu. Anajua zamu yake ya maji inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi, na atapigana na wewe kwa dakika kumi. Huyo huyo akiingia wodini anaacha akili yake getini pamoja na baiskeli. Kwa nini?

Nina jibu langu, na hapa ndipo wengine watakasirika.

Niliwahi kukesha wodini na mama mdogo, siku ya pili baada ya kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Hospitali sitaitaja. Alikuwa na kanula mkononi, mpira wa mkojo unaoingia kwenye mfuko, mpira mwingine puani, na mwingine umetokea ubavuni karibu na kidonda, unachuruzisha maji mekundu kwenye chupa ndogo ya plastiki. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, wodi imejaa. Saa saba usiku nikaenda mezani kwake.

"Sista, shikamoo. Maji ya mama yamebaki kidogo."

"Marahaba. Nakuja, mdogo wangu, ngoja nimalizane na huyu anayetapika."

Mzee mmoja aliyekuwa anamuuguza mkewe kitanda cha pili akanionea huruma. "Kijana, usimsumbue sista. Fungua hako kagurudumu, yaende mbio yaishe, mlale."

Kwa nia njema kabisa! Na alikuwa ameshafungua ka mkewe. Chupa iliyoandikiwa saa 8 ilikuwa imekwisha kabla ya saa 2. Alfajiri mfanya usafi akapita na ndoo, akamwaga mifuko yote ya mkojo na chupa ile ya maji mekundu, akafuta sakafu vizuri, safi kabisa. Saa tatu asubuhi madaktari wakaja kwa msafara. Mkubwa wao akauliza: "Usiku ametoa mkojo kiasi gani? Na huu mpira wa ubavuni umetoa nini?" Kimya. Karatasi ilikuwa imening'inia miguuni pa kitanda, ina mistari ya saa zote 24, ina safu ya vinavyoingia na safu ya vinavyotoka, nyeupe kama shuka la harusi.

Mama mdogo alipona, namshukuru Mungu. Lakini hebu tuulize alipona kwa hesabu gani. Figo za mtu mzima wa kilo 60 zinatakiwa kutoa angalau mililita 30 za mkojo kila saa. Zikishuka hapo saa baada ya saa, ama maji hayatoshi, ama moyo umechoka, ama mpira umejikunja tu chini ya paja, na kila moja lina dawa yake. Ule mpira wa ubavuni ndio jicho la daktari ndani ya tumbo alilolishona. Ukitoa mililita 50 za maji mepesi, vizuri. Ukitoa ghafla damu mbichi, au usaha, au kitu cha kijani, au ukinyamaza ghafla wakati jana ulikuwa unatoa, huo ni ujumbe. Na ujumbe ule ulimwagwa chooni pamoja na sabuni.

Wengi mtamlaumu nesi. Mimi siwezi. Hakuwa na mashine ya kuhesabu matone. Alikuwa na macho mawili na saa ya mkononi. Hesabu yenyewe ni hii, mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza: lita moja ni mililita 1,000. Mrija wa kawaida wa watu wazima, wa aina iliyoandikwa 20 kwenye pakiti, hutoa matone 20 kwa mililita. Jumla matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya. Unapata matone 42 kwa dakika, yaani 7 kila sekunde 10. Ukitazama simu yako ukahesabu matone kwa sekunde 10, umemaliza. Mzee yule wa kitanda cha pili anahesabu mbuzi 200 wakipita kwenye tundu la zizi bila kukosea. Hakuna aliyemwambia kwamba na matone yanahesabiwa.

Na hakuna aliyemwambia kwa sababu ile karatasi imeandikwa Kiingereza.

Nataka muone upuuzi wake. Anayekaa na mgonjwa usiku kucha ni ndugu. Ndiye anayenywesha uji, ndiye anayeona mfuko umejaa, ndiye anayejua kwamba bibi katapika mara mbili. Ndiye kipimo kilicho hai pale kitandani. Na karatasi pekee inayohusu maji ya mgonjwa wake inazungumza lugha ya mtu ambaye hayupo. Kisha tunashangaa kwamba anafungua kagurudumu.

Wapo watakaosema ndugu hawaaminiki, mambo ya hospitali waachiwe wataalamu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, Bengali ya Magharibi, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya mshipani kipindupindu kikiwa kimepamba moto. Akaagiza chumvi na sukari zipimwe, zichanganywe kwenye maji, na waliowanywesha wagonjwa kikombe baada ya kikombe walikuwa ndugu zao. Vifo vikashuka sana. Ule unga wa kukoroga tunaoudharau Karatu ulionyesha nguvu yake kwenye matope yale, mikononi mwa ndugu ambao hakuna aliyewauliza vyeti.

Ukitaka cha karibu zaidi, mwaka 2023 yalitoka matokeo ya mpango wa kuzuia akina mama wasife kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Dawa zilizotumika nyingi zilikuwa zinajulikana zamani. Jipya kubwa lilikuwa karatasi ya plastiki inayowekwa chini ya mama, yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo, ili damu isikadiriwe kwa macho bali isomwe. Na mstari ukifikiwa, mambo yote yafanywe kwa pamoja: kukandwa tumbo la uzazi, dawa za kulibana, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kumchunguza. Hospitali zilizofuata mpango ziligundua asilimia 93 ya waliotokwa damu kupita kiasi. Zile nyingine, 51. Waliofikia hali mbaya kabisa walikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Mfuko wenye mistari, jamani!

Na hapo kwenye kutokwa damu niseme neno kuhusu kanula, maana nimesikia ndugu wakimbembeleza nesi, "Mwekee ile ndogo, hii inamuumiza." Rangi zile si mapambo. Njano na bluu ni nyembamba, za watoto na mishipa midogo. Waridi ni ya kawaida. Kijani ni pana, kijivu ni pana zaidi. Kwa kanuni ya maji kwenye bomba, upana ukiongezeka mara mbili, urefu ule ule, maji yanayopita huongezeka mara 16. Mama anayetokwa damu anahitaji mbili pana, mikono yote miwili, kabla mishipa haijasinyaa ikakosekana. Mgonjwa anayekula na kunywa mwenyewe na hana dawa ya mshipani hahitaji hata moja, aulize kwa adabu, "Sista, hii bado ina kazi?" Itolewe kabla mkono haujavimba na kuwa mwekundu.

Kwa kupita tu: pale Karatu ipo hospitali ya FAME, iliyofungua milango kama kliniki mwaka 2008. Mwanzilishi wake, Frank Artress, daktari wa usingizi kutoka Marekani, alikaribia kufa Kilimanjaro mwaka 2002 kwa sababu ya maji kujaa mapafuni, ugonjwa wa milimani ule. Watalii wanaopita na magari yao kwenda kreta hawajui. Mwandishi wa hadithi mwenye njaa angeanzia pale, kwa mtu anayezama juu ya mlima mkavu. Lakini sisi tunaanzia na mchumba analia.

Ndiyo, najua: mimi si daktari, nimejuaje? Nimesoma, na nimeuliza. Na kazi ninayoitaka hapa siyo ya daktari, ni yetu. Ile karatasi iandikwe Kiswahili, upande wa pili wa ile ya Kiingereza, na sisi tunaojiita mafundi wa lugha ndio tuiandike, kisha tuwapelekee manesi waikosoe. Nimejaribu. Mstari wa vinavyoingia haukunisumbua: maji ya mshipani, maji ya kunywa, uji, maziwa. Mstari wa vinavyotoka nao ulianza vizuri: mkojo, matapishi, choo. Nikakwama kwenye mipira.

Maana wodini kila kitu ni mpira. Mpira wa mkojo, mpira wa pua, mpira wa kidonda, mpira wa kifua. Nesi akipaza sauti toka mbali, "Mama, angalia mpira usivutike," mama anashika upi? Na haifanani kazi. Ule wa kifua unaishia kwenye chupa yenye maji ndani, ncha ya mrija imezama, ili hewa itoke kifuani isiweze kurudi. Maji yale yanapanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Chupa ile haiinuliwi juu ya kifua hata wakati wa kutandika kitanda, la sivyo kilichotoka kinaweza kurudi ndani. Ule wa pua unapita kooni kwenda tumboni. Huwezi kuyaweka hayo yote kwenye neno moja halafu ukategemea bibi wa Endabash asikosee saa tisa usiku.

Nimefikiria "mfereji" kwa ule wa kidonda, kwa heshima ya watu wa Mang'ola. Rafiki yangu anasema utachekesha. Nimefikiria "mchirizi". Kamusi zimenipa maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwa mtu yeyote, na siyataki. Mwenye neno zuri analotumia bibi yake, alilete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo, nafasi ya ule mstari nimeiacha wazi.